MUNGANGA KOLFF NA MASHINI YA FIGO

Ndugu msomaji, simama kidogo. Weka mikono yako miwili kiunoni, vidole gumba vikielekea mgongoni, pale mbavu za mwisho zinapokwisha. Chini ya vidole vile, ndani kabisa, kuna figo zako. Ni mbili, moja upande wa kuume na moja upande wa kushoto, na kila moja ni kubwa kama ngumi yako tu. Kila mtu aliyechinja mbuzi amekwisha kuziona: zina umbo la punje ya maharagi, rangi yake ni nyekundu ya kuiva, nazo zimefunikwa na mafuta. Wengi husema ni nyama tamu. Lakini ni wachache wanaouliza zilikuwa zikifanya kazi gani kabla ya kufika katika sufuria.

Kazi yake ni kuchuja damu. Chakula tunachokula, mwili hukitumia, na baada ya kukitumia hubaki takataka, kama majivu yanavyobaki mekoni kuni zikiisha kuungua. Moja ya takataka hizo huitwa urea. Takataka huingia katika damu, na damu hupita katika figo. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, kama milioni moja, ambavyo jicho haliwezi kuviona. Kwa siku moja, mchana na usiku, figo huchuja kama lita 180 za maji kutoka katika damu. Usishangae. Mtu hana lita 180 za damu, ana kama lita 5 tu, lakini damu ile ile hupita tena na tena. Karibu maji yote hayo figo huyarudisha mwilini pamoja na sukari na chumvi inayofaa. Lita moja au mbili tu hutoka nje pamoja na takataka, nayo ndiyo mkojo. Tena figo husaidia kutawala nguvu ya damu katika mishipa, na hutuma agizo katika mifupa ili damu mpya ifanyike. Ndiyo sababu mgonjwa wa figo hupungukiwa damu, hata akila vizuri.

Basi, figo zikiacha kazi, mtu hafi siku ile. Takataka hukusanyika pole pole. Kwanza chakula kinamchukiza. Kisha anatapika, ngozi inamwasha, pumzi yake inanuka kama mkojo, miguu na uso vinavimba kwa sababu maji hayana njia ya kutoka. Mwisho anaingia katika usingizi, na usingizi ule hauna asubuhi. Mpaka miaka ya 1940, katika dunia yote, hata katika hospitali kubwa za Ulaya, hapakuwa na munganga aliyeweza kuzuia jambo hilo. Katika sura hii tunaeleza habari za mtu aliyeanza kulizuia, na gharama aliyoilipa.

Kijiko na mshumaa

Lakini kwanza tuseme maneno machache juu ya munganga mwingine aliyemtangulia. Jina lake Richard Bright, Mwingereza, aliyefanya kazi katika hospitali ya Guy's huko London. Zamani watu waliovimba mwili waliitwa wagonjwa wa maji tu, na kila mmoja alitibiwa sawasawa na mwenzake. Bright alichukua mkojo wa mgonjwa, akautia katika kijiko, akakishika kijiko juu ya mshumaa. Mkojo wa mtu mwenye figo nzima hubaki maji. Lakini kwa wagonjwa wengine mkojo uliganda, ukawa mweupe kama ute wa yai unavyofanya katika kikaango. Na wagonjwa wale walipokufa, akapasua maiti zao, akakuta figo zimeharibika. Mwaka 1827 akatoa kitabu cha habari hizo. Kwa miaka mingi baadaye, ugonjwa wa figo ukaitwa ugonjwa wa Bright.

Kwa hiyo, mama, ukija hapa na mtoto aliyevimba uso, na muuguzi akakupa chupa ndogo akuombe mkojo, usifikiri anakudharau. Siku hizi hatutumii mshumaa, tunatumbukiza kikaratasi chenye rangi. Lakini swali tunalouliza ni lile lile la Bright: je, figo zinavujisha ute wa damu?

Bright alifahamu ugonjwa, hakupata dawa yake. Miaka zaidi ya 100 ikapita.

Kijana wa Groningen

Willem Johan Kolff alizaliwa tarehe 14 Februari 1911 katika mji wa Leiden, Uholanzi. Baba yake alikuwa munganga, msimamizi wa hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mtoto Willem hakutaka kuwa munganga, alipenda wanyama, akatamani kutunza mahali wanapofugiwa wanyama wa porini. Sababu aliyoitoa ni kwamba hakutaka kuona watu wakifa. Alikuwa amemwona baba yake akirudi nyumbani na huzuni kwa ajili ya wagonjwa aliowashindwa. Kusoma kulimpa taabu, maana herufi zilimchanganya macho. Lakini mikono yake ilikuwa hodari, akajifunza useremala. Tuweke neno hili moyoni, maana useremala huo utarudi.

Alibadili nia yake, akasoma kazi ya uganga huko Leiden, akamaliza mwaka 1938. Kisha akaenda kuwa msaidizi katika hospitali ya chuo kikuu cha Groningen, chini ya profesa Polak Daniels. Wakampa vitanda vinne tu vya kuangalia. Katika kitanda kimoja alilala kijana wa miaka 22, mtoto wa mashamba, ambaye figo zake zilikuwa zimekufa. Kijana alitapika, macho yake yakaacha kuona, akafa pole pole. Kolff ndiye aliyelazimika kumwambia mama yake, mwanamke wa shamba katika nguo yake nyeusi, ya kuwa mwanawe hatapona na kwamba hakuna la kufanya.

Sisi tunaofanya kazi katika wodi tunajua maneno hayo. Wengine huyasema na kwenda kwa mgonjwa wa pili. Kolff alirudi chumbani kwake akaanza kufanya hesabu. Mwili wa mtu hufanya kama gramu 20 za urea kila siku. Si mzigo mkubwa, ni kama vijiko vichache vya chumvi. Akajiuliza: kama ningaliweza kuzitoa gramu 20 hizo kila siku kwa njia nyingine, je, kijana yule hangaliishi?

Samaki ya chumvi na ngozi ya soseji

Ili ufahamu shauri la Kolff, fikiri juu ya mama anayepika samaki ya chumvi, ile makayabu. Hawezi kuipika vile vile, maana chumvi imezidi. Anafanya nini? Anailoweka katika maji safi. Chumvi inatoka ndani ya samaki, inaingia katika maji. Maji yakiisha kujaa chumvi, anayamwaga, anatia mengine. Samaki inabaki, chumvi imekwenda. Kitu kikiwa kingi upande mmoja na kidogo upande mwingine, nacho kikipata njia, huenda upande ule penye kidogo, mpaka pande zote mbili zilingane.

Lakini damu si samaki. Ukiimwaga katika maji, imepotea. Inahitaji mfuko wenye matundu madogo sana, hata urea ipite lakini chembe za damu zisipite. Profesa mwingine wa Groningen, jina lake Brinkman, alimwonyesha Kolff kitu kinachoitwa selofani. Ni kama karatasi laini inayopenya nuru, na wenye kutengeneza soseji walikuwa wakiitumia kama ngozi ya kushika nyama, katika umbo la mpira mrefu mwembamba. Kolff akatia damu kidogo katika kipande cha mpira huo, akaongeza urea, akakitikisa katika maji ya chumvi. Baada ya dakika chache tu, karibu urea yote ilikuwa imehamia katika maji. Damu ilibaki ndani.

Tuseme ukweli, si yeye wa kwanza kufikiri hivyo. Mwaka 1913 munganga mmoja wa Marekani, Abel, aliosha damu ya mbwa kwa njia kama hiyo. Mwaka 1924 Mjeremani Haas alijaribu kwa mtu, lakini kwa dakika chache tu, na mgonjwa hakupata faida. Walikosa mpira mzuri, tena walikosa dawa njema ya kuzuia damu isigande. Zamani za Kolff dawa hiyo, heparini, ilikuwa imekwisha kupatikana. Vitu vilikuwapo tayari, kila kimoja mahali pake. Alitakiwa mtu wa kuvikusanya.

Vita

Tarehe 10 Mei 1940 majeshi ya Wajeremani yaliingia Uholanzi. Siku ile Kolff alikuwa katika mji wa The Hague kwa ajili ya mazishi. Alipoona ndege zikitupa mabomu, hakuendelea na mazishi, akaenda hospitali kuu akauliza kama wanataka awatengenezee akiba ya damu kwa majeruhi. Wakakubali. Katika siku 4 akiba ikawa tayari.

Profesa Polak Daniels alikuwa Myahudi. Nchi ilipotekwa, alijiua pamoja na mkewe. Mahali pake pakawekwa mtu wa chama cha Hitler, na Kolff hakutaka kufanya kazi chini yake. Akaacha chuo kikuu na vifaa vyake vyote, akahamia katika mji mdogo wa Kampen, kando ya mto IJssel. Hospitali yake ilikuwa ndogo. Nadhani wenzake wengi walimwona mpumbavu, maana nani atafanya utafiti mkubwa mahali pale, tena katika vita?

Katika Kampen palikuwa na kiwanda cha sufuria na mabeseni, nacho kilisimamiwa na bwana Hendrik Berk. Kolff alimwendea, wakashirikiana. Chuma kilikuwa haba, kila kitu kilichukuliwa na askari. Basi wakafanya pipa la mbao nyembamba zenye nafasi kati yake, lililolala ubavu. Juu ya pipa wakazungusha mpira wa selofani, makumi ya mita, kama uzi unavyozungushwa katika kigurudumu. Nusu ya chini ya pipa ililala katika beseni kubwa la maji ya chumvi. Damu ilitoka katika mshipa wa mgonjwa, ikaingia katika mpira. Pipa lilipozunguka, damu ikatembea ndani ya mpira toka upande mmoja mpaka wa pili, ikioshwa njiani, kisha ikarudi mwilini. Palikuwa na shida pale mpira unaozunguka unapoungana na mpira usiozunguka, maana damu ingevuja. Kolff alipata shauri katika pampu ya maji ya motokaa ya Ford. Hivyo ndivyo ilivyotengenezwa mashini ya kwanza ya figo: mbao, ngozi ya soseji, beseni na akili ya fundi wa motokaa. Na mkono wa seremala.

Wakati ule ule Kolff aliwasaidia watu waliotafutwa na Wajeremani, akiwaandika kuwa ni wagonjwa ili wasichukuliwe, na kuwaficha wengine. Kama angalikamatwa, mashini ingalikufa pamoja naye.

Wagonjwa waliokufa

Machi 1943 mgonjwa wa kwanza alilazwa kando ya pipa. Alikuwa mwanamke wa miaka 29, mtumishi wa nyumbani, na figo zake zilikuwa zimeharibika zamani, hazikuwa na tumaini la kurudi. Walianza na damu kidogo tu, wakaongeza pole pole siku hata siku. Mgonjwa alipata nafuu, akili ikamrudia, akaweza kuongea. Lakini kila safari ilibidi kukata mshipa mwingine, na mshipa uliokatwa hautumiki tena. Baada ya mara 12 mishipa ikawa imekwisha. Mashini ilikuwa nzima, mgonjwa alikuwa na nguvu kidogo, lakini mlango wa kuingia katika mwili wake ulikuwa umefungwa. Akafa.

Wakaja wengine. Wakafa. Mwisho wa vita Kolff alikuwa amewaosha damu wagonjwa 16, na karibu wote walikuwa wamezikwa. Yeye mwenyewe hakuthubutu kusema kwamba mashini yake ilikuwa imemwokoa hata mmoja.

Hapa wasomaji wengine watauliza: je, ilikuwa haki kuendelea? Hili si swali la kipumbavu. Mimi naona tunapaswa kuangalia mambo mawili. Kwanza, wagonjwa wale walikuwa katika usingizi wa mwisho au karibu nao, na hapakuwa na dawa nyingine waliyonyimwa. Pili, Kolff hakuficha vifo vyake. Mwaka 1944 alichapisha habari za wagonjwa wake, pamoja na Berk, akaandika wazi waliokufa na sababu. Mganga wa hila huonyesha aliyepona na kunyamaza juu ya waliozikwa. Kwa ishara hiyo unaweza kuwatenganisha.

Tena kila kifo kilimfundisha neno. Alijifunza kipimo cha heparini, alijifunza kwamba damu ikioshwa haraka mno mgonjwa anasumbuka. Na alijifunza kubagua magonjwa ya namna mbili, jambo ambalo tutalirudia chini, maana linatuhusu sana.

Mwanamke wa gerezani

Vita vilikwisha mwaka 1945. Watu wa Uholanzi waliowasaidia Wajeremani walikamatwa na kutiwa gerezani, na majirani zao waliwachukia kwa chuki kali, maana njaa na mauaji yalikuwa bado mabichi. Septemba 1945 mwanamke mmoja wa miaka 67 aliletwa kutoka gereza kama hilo. Alikuwa wa upande wa Hitler. Alikuwa na ugonjwa wa kifuko cha nyongo, figo zake zilisimama ghafula, naye alikuwa amekwisha kuingia katika usingizi.

Wako watu mjini waliotamani afe. Mkumbuke Kolff ni nani: profesa wake alikufa kwa ajili ya watu wa chama hicho, na yeye mwenyewe alihatarisha maisha yake kwa kuficha waliotafutwa. Akamlaza kando ya pipa. Damu yake ikazunguka masaa 11. Urea ikashuka, na baadaye mwanamke akafumbua macho. Wanasimulia kwamba neno lake la kwanza lililofahamika ni kusema kwamba atamwacha mumewe, aliyekuwa mpinzani wa chama chake! Basi akili ilikuwa imerudi kamili. Siku chache baadaye figo zake zilianza tena kutoa mkojo, hakuhitaji mashini tena. Aliishi miaka kadhaa, akafa kwa ugonjwa mwingine. Huyu alikuwa mgonjwa wa 17, na ndiye mtu wa kwanza ambaye waganga hawana shaka kwamba mashini ya figo ilimwokoa.

Kwa nini alipona yeye, na yule mtumishi wa miaka 29 asipone? Si kwa kuwa mashini ilikuwa imebadilika sana. Figo za mtumishi zilikuwa zimekufa zamani, lakini za mwanamke huyu zilikuwa zimezimia tu. Mashini haikuziponya. Ilimshika mgonjwa asianguke, mpaka figo zenyewe zikaamka.

Mashini inatoka Kampen

Kolff hakutafuta utajiri kwa kazi hii. Wakati wa vita alikuwa ametengeneza mashini nyingine na kuzificha mahali mbalimbali zisipotee zote kwa bomu moja. Vita vilipokwisha, akazitoa bure, nyingine zikapelekwa London, New York, Montreal na Poland. Ramani yake akawapa waganga wa Boston, nao wakaitengeneza kwa chuma safi. Mwaka 1946 alipewa cheo cha udaktari wa chuo cha Groningen kwa kitabu juu ya figo hiyo ya kutengenezwa. Mwaka 1950 akahamia Marekani, katika hospitali ya Cleveland. Huko, pamoja na wenzake, alitengeneza figo ndogo iliyozungushwa juu ya kopo la maji ya matunda, ili hospitali nyingine waweze kuinunua tayari. Alijaribu hata kutumia mashini ya kufulia nguo, ili wagonjwa waoshwe damu nyumbani kwao. Baadaye, katika chuo kikuu cha Utah, alisimamia kazi ya kutengeneza moyo. Mwaka 1982 mgonjwa mmoja aliwekwa moyo wa namna hiyo, akaishi siku 112. Habari za moyo ule tungeweza kuandika sura nyingine, hapa tuziache.

Shida ya mishipa iliyomuua mgonjwa wa kwanza ilidumu miaka 17. Munganga Belding Scribner wa mji wa Seattle ndiye aliyeifungua, mwaka 1960. Alitia mipira miwili ya Teflon katika mkono wa mgonjwa, mmoja katika mshipa unaotoka moyoni, mwingine katika mshipa unaorudi, akaiunganisha nje ya ngozi. Mpira ukabaki pale, tayari kwa kila safari, mshipa haukukatwa tena. Mgonjwa wake wa kwanza, mwenye figo zilizokufa kabisa, aliishi miaka 11. Tangu siku ile hata figo zilizokufa hazikuwa tena hukumu ya kufa.

Lakini likatokea jambo zito. Wagonjwa walikuwa wengi, mashini chache. Katika Seattle iliwekwa baraza la watu 7, kati yao mchungaji, mwanasheria na mama wa nyumbani, ili wachague nani aoshwe damu na nani aachwe. Walitazama umri, kazi, watoto, hata tabia na kanisa la mtu. Habari hizo zilipotoka katika gazeti mwaka 1962, watu wengi walichukizwa. Mwaka 1972 serikali ya Marekani ikaweka sheria ya kusaidia kulipa gharama za wagonjwa wa figo, na baraza za namna ile zikakosa kazi. Katika nchi nyingi za dunia, na Kongo ni mojawapo, baraza halipo, lakini mfuko wa fedha unachagua mahali pake.

Mwaka 2002 Kolff na Scribner walipewa pamoja zawadi ya Lasker, moja ya zawadi kubwa za kazi ya uganga. Kolff alikufa tarehe 11 Februari 2009, siku 3 kabla ya kutimiza miaka 98.

Mambo haya yanatuhusu namna gani

Wagonjwa wanatuuliza: basi, mashini hiyo iko wapi kwetu? Iko katika miji michache mikubwa ya Kongo. Mgonjwa wa figo zilizokufa huoshwa mara mbili au tatu kila juma, masaa kama 4 kila safari, katika maisha yake yote, isipokuwa apate figo ya mtu mwingine. Jamaa wengi huuza shamba na ng'ombe, na fedha zinakwisha kabla ya mwaka kwisha. Hatusemi hivi ili kuvunja moyo. Tunasema ili jamaa wafahamu mapema wanaingia katika njia ya namna gani, wakae pamoja na kushauriana.

Lakini figo zilizozimia ni habari nyingine. Hizo tunaziona hapa mara nyingi. Mtoto mwenye malaria kali ambaye mkojo wake umekuwa mweusi kama kahawa. Mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kuzaa. Mtu wa kipindupindu ambaye maji yote yametoka. Mtu aliyekunywa au kutiwa kwa bomba dawa ya miti isiyojulikana kipimo chake. Figo za watu hawa zinaweza kuamka, kama za mwanamke wa Kampen, na wengi hawatahitaji hata mashini, wakipata maji, damu na dawa upesi. Kwa hao tunahesabu masaa, hatuhesabu majuma. Mgonjwa wa kuhara anyweshwe maji ya chumvi na sukari tangu nyumbani, hata njiani. Na mtu ambaye hajatoa mkojo tangu asubuhi mpaka usiku aletwe usiku ule ule, asingoje kulipambazuka.

Iko hali nyingine kwa watoto. Mtoto anaumwa koo, au ana vidonda vya upele vyenye usaha. Vinakauka. Baada ya juma moja mpaka tatu anaamka na uso umevimba, na mkojo wake ni kama chai nyeusi. Watu husema amelogwa, maana kidonda kilikuwa kimekwisha pona. Sivyo. Mwili ulipopigana na vijidudu vya kidonda, vita ile iliumiza vichujio vya figo. Watoto wengi hupona kabisa wakitunzwa na kupunguziwa chumvi. Osheni vidonda vya watoto kwa maji na sabuni, na mlete koo lenye usaha litibiwe.

Kwa watu wazima wauaji wakubwa wa figo ni wawili: tansio na ugonjwa wa sukari. Wote wawili hufanya kazi kimya. Mtu anajiona mzima, miaka 10 inapita, siku anapovimba vichujio vingi vimekwisha kufa, navyo havizaliwi upya. Kwa hiyo tukikupa dawa ya tansio ya kumeza kila siku, usiiache kwa sababu kichwa hakiumi. Na vidonge vya maumivu vinavyouzwa sokoni, kama diklofenaki na ibuprofeni, visigeuke kuwa chakula cha kila siku, hasa kwa wazee, maana vinaumiza figo.

Neno moja kwa wale waliokwisha kuanza kuoshwa damu mjini, wakirudi kijijini kusalimu jamaa. Siku hizi mipira ya Scribner haitumiki sana. Waganga huunganisha mishipa miwili ya mkono chini ya ngozi, nao mshipa unakuwa mnene, unatetemeka ukiushika. Mshipa huo ndio mlango uliokosekana kwa mgonjwa wa kwanza wa Kolff. Ukija katika dispensari yoyote kwa homa au jambo lingine, mwonyeshe muuguzi mkono ule kwanza kabla hajashika chombo chake. Asichome sindano hapo, asipime tansio hapo. Atumie mkono mwingine. Usilalie mkono ule usiku, usibebe ndoo nao, na kila asubuhi weka vidole juu ya mshipa usikilize. Ukiona hautetemeki tena, rudi mjini siku ile ile.